Mwani wa Bwawani: Jua, Mvua na Mbolea katika Mabwawa ya Samaki ya Meru na Embu

Mwani wa bwawa la samaki ni mimea midogo mno, isiyo na mizizi wala majani, inayoelea majini na kuyapa rangi ya kijani. Mmoja peke yake hauonekani kwa macho. Ukiwa mamilioni katika kila lita, huficha kiganja kilichozamishwa hadi kiwiko. Mahitaji yake ni yale yale ya mwani mkubwa unaofungwa kwenye kamba kule Kibuyuni, Kwale, au katika pwani ya mashariki ya Unguja: mwanga, joto na virutubisho. Mkulima wa pwani hupokea virutubisho vinavyoletwa na bahari, na kusi na kaskazi humpangia mavuno. Mfugaji wa samaki wa Meru au Embu ndiye anayetia virutubisho kwa mkono wake. Misimu tu ndiyo asiyoweza kuigeuza. Kwa hiyo mbolea ya bwawa inapaswa kufuata jua la mahali, si siku za kalenda, na hasara nyingi za mabwawa ya miteremko hii ya Mlima Kenya huanzia pale kanuni hiyo inaposahauliwa.

Kwa tilapia, maji ya kijani ni malisho. Samaki huyu huchuja mwani wenyewe, na pia hula vidudu vidogo vinavyoishi kwa kuula mwani huo. Zaidi ya chakula, mwani hutoa oksijeni mchana na kunyonya amonia inayotokana na kinyesi cha samaki. Faida hii ina uzito wa shilingi. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi, ilikusudia kuchimba mabwawa 200, kila moja la mita mraba 300, katika kila eneobunge kati ya maeneobunge 140 yaliyochaguliwa, na Kanyakine, Imenti Kusini, ikajengewa kiwanda cha kusindika samaki. Msaada ulipokwisha, mabwawa mengi yaliachwa yakaota nyasi, kwa sababu chakula cha dukani kiliwashinda wenyewe. Mradi mwingine wa ufugaji wa samaki, ulioanza 2018 kwa ufadhili wa Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD), nao umezifikia kaunti zote mbili. Mradi wowote uwao, hesabu haibadiliki: bwawa lenye kijani cha kutosha huhitaji chakula kidogo cha kununua, na pumba za mpunga kutoka Mwea huweza kuongezea pale malisho yanapopungua. Kituo cha utafiti cha Sagana, Kirinyaga, kilichofunguliwa 1948, kimefanya majaribio mengi ya kurutubisha mabwawa kwa njia hii, na kiko karibu kiasi cha mtu kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Mwinuko wa shamba ndio jambo la kwanza kuangaliwa. Kaunti ya Embu peke yake hushuka kutoka kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199, hadi mita 515 hivi kandokando ya Mto Tana. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua takriban nyuzi sita. Bwawa la Kiritiri au Siakago, Mbeere, na bwawa la ukanda wa majani chai juu ya Manyatta ni kama yako katika nchi mbili tofauti, ingawa wenyewe huenda hukutana soko moja mjini Embu. Hali ni hiyo hiyo Meru, kati ya mashamba ya chai ya Imenti na nyanda za chini za Tigania na Igembe. Tilapia hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 26 na 32. Chini ya 20 hudumaa, na karibu na 16 huacha kula kabisa. Mwani huvumilia baridi kuliko samaki, lakini nao huzaana polepole. Mbolea inayotosha Mbeere kwa wiki moja huenda isitumike hata nusu kule kwenye chai, na ile isiyotumika haipotei tu: hukaa chini ikingoja siku ya kuleta madhara.

Kati ya virutubisho vyote, viwili ndivyo vinavyoamua: naitrojeni na fosforasi. Kaboni hutoka hewani na kwenye chokaa iliyoyeyuka majini. Potasiamu na madini mengine madogo huwa yapo ya kutosha. Fosforasi ndiyo inayopungua mara nyingi, na hapa udongo wa Meru na Embu una tabia yake. Udongo mwekundu wa volkeno, ule ule unaobeba kahawa na chai, umejaa chuma na alumini, na madini hayo huishika fosfeti kwa nguvu. Mkulima wa mahindi hulijua hilo shambani kwake bila kuambiwa na mtu. Kinachosahaulika ni kwamba sakafu ya bwawa jipya ni udongo huo huo. Chembe za mbolea ya DAP zikirushwa kutoka ukingoni huzama, hufika kwenye tope na kunaswa humo kabla mwani haujaonja chochote. Maji hubaki meupe, mfugaji huongeza gunia, na maji hubaki meupe.

Dawa yake si kuongeza mbolea bali kuanza na chokaa. Udongo huu una asidi, na maji ya mito inayotoka mlimani, kama Rupingazi, Thuci au Kathita, ni laini, yana chokaa kidogo ndani yake. Bwawa ambalo pH ya udongo wake iko chini ya 6 huhitaji chokaa ya kilimo, kilo 30 hadi 75 kwa mita mraba 300, inyunyizwe sakafuni na kwenye kingo bwawa likiwa kavu, kisha maji yaingizwe. Chokaa hupunguza nguvu ya udongo ya kushika fosfeti, huupa mwani kaboni, na huzuia pH isipande na kushuka ovyo kati ya asubuhi na jioni. Baada ya hapo ni kungoja wiki moja au mbili kabla ya kutia mbolea, kwa maana chokaa mbichi na fosfeti zikikutana majini hushikana na zote mbili hupotea. Chokaa ya kujengea, ile inayochoma mikono, haifai kutiwa kwenye bwawa lenye samaki hata kidogo.

Kiasi kinachotumiwa sana nchini ni gramu 2 za DAP na gramu 3 za yuria kwa kila mita mraba kwa wiki. Bwawa la mita mraba 300 basi huchukua gramu 600 za DAP na gramu 900 za yuria. DAP hulowekwa kwenye ndoo ya maji tangu jioni, ikakorogwa asubuhi mpaka chembe zilainike, halafu maji yake yakamwagwa kuzunguka bwawa lote, jua likiwa limeshachomoza vizuri, yapata saa nne. Kazi hiyo ya ndoo ni ya dakika chache, nayo huokoa fosforasi ambayo ingeishia topeni. Wanaotumia samadi huhesabu gramu 50 za samadi kavu kwa mita mraba kwa wiki, yaani kilo 15 kwa bwawa hilo hilo. Kinyesi cha kuku ndicho chenye nguvu zaidi. Cha mbuzi, kinachopatikana kwa wingi Mbeere, hufuata. Cha ng'ombe ni hafifu na hugeuza maji kuwa ya rangi ya chai, rangi inayozuia mwanga. Samadi hutiwa ndani ya uzio mdogo wa fito kwenye kona ya bwawa, au ndani ya gunia lililofungwa kwenye mti na kutikiswa kila siku, ili mabaki yasitapakae sakafuni. Hakuna haja ya kutumia vyote viwili kwa kiwango kamili. Anayetia samadi yote apunguze ya dukani.

Kosa lililozoeleka zaidi kwenye miteremko hii, ambako mifereji ya maji haikauki, ni kuacha maji yapite bwawani usiku na mchana. Hutazamwa kama usafi. Kwa samaki aina ya trauti, anayependa maji baridi yanayotembea, ni sawa kabisa, na bwawa lake halitiwi mbolea. Kwa tilapia ni hasara ya pande mbili: maji ya mlimani huteremsha joto, na yale yanayotoka huondoka na mwani pamoja na mbolea iliyolipiwa, vikanufaisha nyasi za jirani wa chini. Mlango wa maji ufungwe, ufunguliwe tu kufidia yaliyokauka au kunywewa na udongo, au siku ya dharura.

Ili kujua kama mwani umetosha, mkono ndio kipimo. Mfugaji huinama ukingoni mahali penye kina, huzamisha mkono uliokunjuliwa, kiganja kikitazama juu, mpaka maji yafike kwenye kiwiko. Vidole vikianza kufifia hapo, kina ambacho ni sentimita 25 hadi 30, mwani uko sawa na mbolea iendelee kama kawaida. Vidole vikionekana wazi, virutubisho au mwanga havijatosha. Vikipotea kabla maji hayajapita kifundo cha mkono, mwani umezidi na mbolea isimame. Kipimo hiki hudanganywa na matope, kwa hiyo maji yachotwe pia kwenye glasi na kutazamwa yakiwa yameinuliwa kwenye mwanga: mwani hubaki kijani au kijani-kahawia hata baada ya saa kadhaa, tope hutua chini na kuacha maji meupe.

Baada ya hayo ndipo kalenda inapoingia. Januari hadi katikati ya Machi ni kiangazi cha jua kali, na mwani huzaana upesi kuliko wakati mwingine wowote. Wiki moja ya mbolea hutosha kugeuza rangi ya maji. Hatari ya kipindi hiki ni kuzidisha: maji yanapungua kwa kukauka, virutubisho vinabaki vile vile katika maji machache, na utando wa kijani-samawati kama rangi ya ukutani hujitokeza upande upepo unakoelekea. Huo ni mwani wa jamii ya sianobakteria. Baadhi yake hunyonya naitrojeni ya hewa, kwa hiyo hushamiri pale fosforasi inapokuwa nyingi na naitrojeni kidogo, na ndio unaowapa samaki, hasa kambare, ile ladha ya tope inayowafukuza wanunuzi. Utando ukionekana, DAP na samadi zisimame, maji mapya yaingizwe, na samaki wa kuuza wawekwe siku kadhaa kwenye maji safi bila kulishwa. Mchana wa jua kali pia pH hupanda, wakati mwingine kupita 9, na amonia iliyomo majini hugeuka kuwa sumu zaidi. Chakula kingi alasiri katika bwawa la kijani kizito ni kujitafutia shari.

Masika huanza katikati ya Machi na kuendelea hadi Mei, Aprili ikiwa na mvua nyingi. Mvua ya kwanza hubeba kila kilichokusanyika mashambani: samadi, udongo, mbolea ya kukuzia mahindi na wakati mwingine dawa za kahawa. Mfereji wa kukinga maji ya mteremko, uliochimbwa upande wa juu wa bwawa kabla ya Machi, una thamani kuliko mfuko wa mbolea. Tope likishaingia, mwanga haupiti, na virutubisho vyovyote vilivyomo havina kazi. Mfano mkubwa uko kwenye Mto Tana: bwawa la Masinga, lililojazwa mwaka 1981, hupokea udongo wa miteremko ya sehemu ya juu ya mto huo, na maji yake huwa mazito kwa tope wakati wa mvua. Katika bwawa la nyumbani, kingo zipandwe nyasi, na mbolea isitiwe mpaka glasi ionyeshe kwamba tope limetua. Mvua kubwa inayofurisha bwawa nayo huondoka na sehemu ya mwani, na mbolea iliyotiwa jana yake huenda nayo. Kuangalia mawingu ya mlimani kabla ya kuloweka DAP si ushirikina.

Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi inayohitaji uangalifu zaidi, na ndiyo inayopewa uangalifu mdogo. Mvua kubwa imekwisha, kwa hiyo wengi hudhani bwawa limerudi katika hali nzuri. Lakini upande huu wa mlima hufunikwa na mawingu na manyunyu siku nyingi mfululizo, na katika ukanda wa chai na kahawa ya juu maji huweza kukaa chini ya nyuzi 20 kwa wiki nyingi. Mwani hukosa mwanga na joto kwa pamoja. Samadi inayotiwa kwa kiwango cha Februari haiozi kwa wakati. Hulundikana kwenye kona yake, na ile inayooza hunyonya oksijeni ambayo mwani hautoi. Samaki nao hawali, lakini pumba zinaendelea kumwagwa kwa mazoea, na pumba zisizoliwa ni samadi nyingine.

Katika miezi hiyo, ukanda wa juu unapaswa kuacha samadi kabisa au kuipunguza hadi robo, na kutumia nusu ya kiwango cha DAP na yuria, tena siku zile tu jua linapotoka na mkono ukionyesha kwamba vidole vinaonekana. Chakula kitolewe mchana, maji yakiwa yamepata joto, na kiasi kinacholiwa ndani ya dakika chache. Ukanda wa chini, Mbeere na Tigania ya chini, hauna baridi ya kiwango hicho; huko punguzo la theluthi moja linatosha, na wiki ya jua ikipatikana mbolea irudi kama kawaida.

Hatari kubwa ya msimu wa mawingu ni mwani kufa kwa mkupuo. Mwani hutoa oksijeni kukiwa na jua tu. Usiku nao huvuta oksijeni kama viumbe wengine wote wa bwawani, na kiwango cha chini kabisa hufika alfajiri. Bwawa lililokolea kijani mwishoni mwa Mei, likikutana na siku nne au tano za giza, huenda likapoteza mwani wake kwa usiku mmoja. Maji hugeuka kutoka kijani hadi kahawia au kijivu, hutoa harufu, na alfajiri samaki huonekana wamepanga midomo juu ya maji wakivuta hewa. Huo si wakati wa kumtafuta afisa wa uvuvi kwa simu kwanza. Mlango wa maji ufunguliwe mara moja, maji ya chini yatolewe kama kuna bomba la chini, na maji yapigwe kwa matawi au kumwagwa kwa karai kutoka juu ili yachukue hewa. Chakula na mbolea visitiwe mpaka samaki watulie. Anayepita ukingoni alfajiri mara moja kwa wiki wakati wa mawingu huona dalili mapema, samaki wachache wakiwa juu, kabla hawajawa wote.

Septemba na mwanzo wa Oktoba jua hurudi. Fosforasi iliyokuwa imelala kwenye tope huanza kupanda, na bwawa la zamani huweza kuwa kijani bila kutiwa kitu. Mkono upimwe kwanza. Vuli hufuata, Oktoba hadi Desemba, Novemba ikiwa kileleni, na maelekezo ya masika hutumika tena. Jua linapopenya kati ya mvua, mwani huitika upesi. Mbeere, ambako vuli ndiyo mvua ya kutegemewa, huu ndio wakati wa kujaza mabwawa.

Mabwawa mengi ya Mbeere hutandikwa karatasi ya plastiki kwa sababu udongo wa kichanga haushiki maji. Humo fosfeti haina tope jekundu la kuinasa, kwa hiyo kijani huja haraka, na huisha haraka vilevile, kwa kuwa hakuna akiba chini. Kiwango kile kile cha wiki kigawanywe mara mbili, Jumatatu na Alhamisi tuseme, badala ya kutiwa kwa mpigo.

Kuna mwani mwingine usiotakiwa: ule wa nyuzi, unaofanana na pamba ya kijani iliyolowa, unaoanzia sakafuni mahali penye maji haba na meupe. Huota pale mwanga unapofika chini, kwa hiyo bwawa lenye kina cha chini ya nusu mita ukingoni huualika. Mbolea ikitiwa ukiwa tayari umeshika, ndio unaoila. Utolewe kwa reki na kupelekwa kwenye mboji, ukingo uchimbwe zaidi, ndipo mbolea itiwe. Azola, ile mimea midogo inayoelea ambayo wengine huikuza kama chakula cha kuku na samaki, ikae kwenye kidimbwi chake. Ikitanda juu ya bwawa la samaki huzuia mwanga na mwani wote wa chini hufa.

Kadiri samaki wanavyokua, chakula huchukua nafasi ya mbolea. Theluthi moja hivi au pungufu ya naitrojeni ya chakula ndiyo inayobaki katika mwili wa samaki; iliyosalia hurudi majini. Kufikia mwezi wa nne au wa tano bwawa linalolishwa vizuri huwa linajirutubisha lenyewe, na kuendelea na DAP ni kutupa fedha.

Kwa ukanda wa juu, vifaranga wakitiwa Septemba, miezi yenye mwanga huwaangukia wakiwa wanakua, na mavuno hufika kabla ya baridi ya Juni. Ukanda wa chini uongozwe na maji, si na baridi. Bwawa likishavunwa na kukaushwa, tope la juu lichotwe na kupelekwa kwenye migomba na nduma, ambako fosforasi yake bado ina kazi, lakini libakizwe tabaka jembamba la sentimita chache. Sakafu iliyokwanguliwa mpaka udongo mwekundu huanza upya kuinasa mbolea kama bwawa lililochimbwa jana, na chokaa hurudi kuhitajika kwa kiwango kizima.